GIABOKSI YA TAJIRI, JUMAPILI YA DEREVA

Ndugu memba, madereva, matanuboi na mafundi wote,

Kuna desturi imeingia katika kazi yetu, nayo yaenea upesi kama moto katika nyasi kavu. Twataka kuisema waziwazi hapa, kwa maana ikinyamaziwa leo, kesho itaitwa sheria.

Desturi yenyewe ni hii. Tajiri ana pikapu ya gia otomatiki. Pikapu hiyo hulala kwa dereva, kwa kuwa tajiri hataki kulipia mahali pa kuiweka usiku, na ataka iwe barabarani kabla ya jua kuchomoza. Ijumaa jioni dereva huitwa ofisini, hukabidhiwa mikebe minne ya mafuta mekundu, huambiwa: "Jumapili umwage mafuta ya giaboksi hapo nyumbani, utie haya. Jumatatu gari litoke kama kawaida." Hapewi jeki ya maana. Hapewi stendi za chuma. Hapewi kitabu cha gari. Malipo ya siku hiyo hayatajwi kabisa, kana kwamba Jumapili ya mtu ni ganda la ndizi, la kutupwa tu. Na giaboksi ikifa baada ya miezi miwili, dereva yule yule huitwa tena ofisini, na safari hii huonyeshwa karatasi ya makato.

Sisi twasema hapana. Twasema hapana kwa kazi ya bure, twasema hapana kwa hatari isiyo na bima, na twasema hapana kwa makato yasiyo na haki.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kazi hii ni chafu au kwamba dereva ni bwana mkubwa asiyeweza kushika spana. Mwenye pikapu yake mwenyewe, akitaka kuitengeneza uani kwake, hatuna neno naye. Mali ni yake na siku ni yake. Wala hatusemi kazi hii haiwezekani nje ya gereji. Yawezekana, na hapa chini tutaeleza inavyofanywa, ili asiwepo memba wa kudanganywa. Tunalokataa ni moja: tajiri kuigeuza nyumba ya mfanya kazi kuwa gereji yake ya bure.

KAZI HII SI KUMWAGA NA KUJAZA TU

Tajiri atajibu, "Lakini hii ni kazi ndogo. Unafungua, unamwaga, unajaza." Maneno hayo husemwa na mtu ambaye hajawahi kulala chini ya gari. Na tumjibu kwa ufundi, si kwa kelele.

Katika giaboksi ya kawaida, ile ya kubadilisha kwa mkono, mafuta kazi yake kubwa ni kuzuia meno ya chuma yasilane. Katika giaboksi ya otomatiki, mafuta yenyewe ndiyo mfanya kazi. Ndiyo yanayopokea nguvu ya injini ndani ya konveta, kile chombo cha mviringo kinachoshika mahali pa klachi ya mguu, na kuipitisha kwenye giaboksi wakati gari linapoondoka. Ndiyo yanayosukumwa na pampu katika vijia vyembamba ili kubana sahani za klachi na kuingiza gia. Ndiyo yanayolainisha. Na ndiyo yanayobeba joto hadi kwenye kipoza. Mfanya kazi mmoja, kazi nne, wala hapati mapumziko. Hali hiyo memba wetu wengi mwaifahamu bila kufunzwa.

Adui yake ni joto. Mafundi wana kanuni ya zamani: mafuta yakishapita kiasi cha digrii 80, kila digrii 10 za ziada hupunguza maisha yake kama nusu. Basi pikapu inayobeba mawe na saruji, ikapanda mteremko wa Mai Mahiu nyuma ya lori linalotambaa, au ikasimama saa nzima katika msongamano wa Mombasa Road juani, mafuta yake hayazeeki sawa na ya gari la mtu wa kwenda kanisani. Tajiri ndiye anayepanga mzigo na njia. Kwa hiyo tajiri ndiye anayeyachoma mafuta yale, si dereva.

Sasa tuitazame ile mikebe minne. Giaboksi ya pikapu hubeba mafuta mengi. Nyingi hubeba kiasi cha lita 10, nyingine zaidi. Lakini ukifungua plagi ya chini hutoka lita 3 au 4 hivi, au 5. Yaliyobaki yamo ndani ya konveta, katika vijia vya vali na katika mabomba ya kipoza. Haya ni mahesabu ya shule ya msingi. Ukimwaga lita 4 katika 10 na kutia mpya 4, asilimia 60 ya mafuta ni yale yale ya zamani. Ukiliendesha gari kidogo na kurudia, yabaki asilimia 36. Ukirudia mara ya tatu, yabaki kama 22. Kwa hiyo anayetoa mikebe minne na kuandika katika daftari lake kwamba mafuta yamebadilishwa, ameandika uwongo. Zaidi ya nusu ni mafuta ya jana. Na giaboksi ikifa, uwongo huo ndio utakaoletwa kama ushahidi juu ya dereva!

Tena kuna aina ya mafuta. Watu hudhani mafuta mekundu ni mafuta mekundu. Wekundu ni rangi iliyotiwa tu, ili mafuta ya giaboksi yakivuja yajulikane mbali na ya injini. Hautambulishi aina hata kidogo. Toyota Hilux za otomatiki za miaka hii hutumia ATF ya aina ya WS, ambayo ni nyepesi. Ukitia ile ya zamani ya Dexron III, umebadilisha uzito wa mafuta ambayo vali zilipimiwa. Ford Ranger ya gia 6 yataka MERCON LV, na ya gia 10 yataka MERCON ULV, na hizo mbili haziingiliani ingawa majina yake yatofautiana kwa herufi moja. Nani hununua mafuta? Tajiri, kwa mkono wa karani wake, mara nyingi dukani palipo rahisi zaidi. Karani akikosea herufi moja, giaboksi yaumia, na makato yaenda kwa dereva. Hiyo ni haki ya nchi gani?

Na kuna kupima. Katika pikapu nyingi za sasa hakuna kijiti cha kupimia kama kile cha injini. Mafuta hupimwa kwa plagi ya kumwagikia: gari liwe sawasawa pande zote nne, injini iwe inanguruma, gia zipitishwe zote polepole kuanzia P hadi mwisho na kurudi, na mafuta yawe katika joto lililoandikwa kitabuni. Gari moja hutaka kiasi cha digrii 40, jingine hutaka zaidi ya 80. Hapo hufunguliwa plagi, na mafuta yakitoka kwa utaratibu kama uzi mwembamba, kipimo kimetimia. Yakipungua, pampu hunyonya hewa na klachi huteleza mpaka zikaungua. Yakizidi, vyuma vinavyozunguka huyapiga yakafanya povu, na povu halina nguvu ya kubana kitu. Bila chombo cha kupimia joto na bila mahali pa kuliinua gari lote sawasawa, mtu hapimi, abahatisha. Kumpa dereva jeki moja ya kubadilishia gurudumu na kumwambia apime mafuta ya giaboksi ni sawa na kumpa mshonaji panga akate suti.

INAVYOFANYWA NA MTU ANAYEJALI

Memba ayajue haya, awe ni wa gereji au wa usukani.

Kwanza, fungua plagi ya kujazia kabla ya kugusa ile ya kumwagia. Plagi ya kujazia ikiwa imeshika kutu na haifunguki, afadhali ujue gari likiwa bado na mafuta yake, kuliko kujua baada ya kuyamwaga yote.

Pili, pokea mafuta ya zamani katika chombo safi na uyapime. Kilichotoka ndicho kitakachorudi kwanza, kabla ya kupima kwa joto. Asiyepima alichotoa hawezi kujua anachotia.

Tatu, kama sampu yafunguliwa, tazama sumaku zilizo ndani. Uji wa kijivu, laini kama majivu, ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho ni habari mbaya, na habari hiyo iandikwe siku hiyo hiyo. Filta ibadilishwe ikiwa ni ya kubadilishwa, gasketi iwe mpya, na bolti za sampu zikazwe kwa kipimo cha kitabu. Bolti hizo ni ndogo; mkono wenye nguvu huzikata au hupinda sampu, na mafuta yataanza kuvuja kidogo kidogo.

Nne, nusa na utazame. Mafuta yaliyogeuka meusi yenye harufu ya kuungua yasema klachi zimekwisha kuumia. Hapa ndipo ulipo ule uvumi kwamba kubadilisha mafuta huua giaboksi nzee. Mara nyingi mafuta yale hubadilishwa wakati giaboksi tayari yateleza, nayo ikifa wiki ijayo, mafuta mapya hulaumiwa. Ni kama kumlaumu daktari aliyeitwa mgonjwa akiwa amekwisha kukata roho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na tajiri wengi huja na simiti ukuta ukishalala chini.

Tano, magurudumu yazuiwe, gari likae juu ya stendi za chuma na si juu ya jeki peke yake, wala si juu ya matofali, na mafuta yakiwa ya moto mikono isiyo na glavu isiwe chini yake.

UWONGO WA MAFUTA YA MAISHA

Kuna tajiri wa namna nyingine, ambaye habadilishi kabisa. Yeye hukuonyesha karatasi iliyoandikwa kwamba mafuta ya giaboksi hii ni ya maisha yote. Tumwulize: maisha ya nani? ZF ya Ujerumani, ambao giaboksi zao za gia 8 zimo katika pikapu ya Volkswagen Amarok, wenyewe hushauri mafuta yabadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8. Mwenye kuunda giaboksi asema ibadilishwe. Mwenye kuuza gari asema haihitaji. Muuzaji apenda gari lionekane halina gharama siku ya kuuzwa, na maisha anayoyahesabu hayafiki mbali kupita mwisho wa dhamana yake. Sisi huku kwetu gari huanza maisha yake ya pili hapo wenzetu wanapolitupa. Kenya hupokea magari yaliyotumika hadi ya miaka 8, na baada ya hapo huyafanyisha kazi miaka mingine mingi. Mafuta ya maisha yaliyoisha maisha yake Yokohama hayawezi kuendelea kuishi Kariobangi.

Basi tajiri wa kwanza hubadilisha kwa jasho la bure la dereva, na wa pili habadilishi. Wote wawili, giaboksi ikilia, hutazama upande mmoja: mfuko wa dereva.

SHERIA YASEMAJE

Ndugu memba, msitishwe na karatasi yenye mhuri. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwenye kazi kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa uharibifu umetokana na kosa la makusudi la mwajiriwa. Tazameni neno hilo, makusudi. Giaboksi iliyotiwa mafuta yasiyo yake kwa amri ya ofisi si kosa la makusudi la dereva. Giaboksi iliyokufa kwa uzee na mzigo si kosa la makusudi la dereva. Tena kifungu hicho chaweka mpaka: makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Bei ya giaboksi ni mishahara ya miezi mingi ya dereva. Anayetaka kuilipisha yote kwake ataka kumfanya mtumwa wa chuma.

Kifungu cha 27 cha sheria hiyo hiyo chatoa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hakikusema siku moja ya kulala kitandani au chini ya pikapu, uchague. Kimesema mapumziko.

Na sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwenye kazi kutoa vyombo salama, maelezo na mafunzo ya kazi anayoiagiza. Jeki yenye kuvuja si chombo salama. "Utaona mwenyewe" si mafunzo.

Lakini lililo zito kuliko yote ni hili. Pikapu ikianguka kutoka kwenye jeki, haichagui siku. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 yamlinda mfanya kazi aliyeumia kwa sababu ya kazi na akiwa katika kazi. Je, dereva aliyevunjwa kifua uani kwake, Jumapili, bila karatasi yoyote ya kumwagiza, tajiri atasema alikuwa katika kazi? Twamjua tajiri. Atasema, "Mimi sikumtuma. Alikuwa akichezea gari nyumbani kwake." Amri iliyotolewa kwa mdomo hukanwa kwa mdomo. Mjane atabaki na maneno, na maneno hayapikwi ugali. Ndiyo sababu jambo hili, linaloonekana dogo kama plagi moja, chama hakiwezi kuliacha.

NA MAFUTA MACHAFU JE?

Lita zile zilizotoka huenda wapi? Tajiri haulizi. Gereji yenye leseni hupaswa kuyaweka katika pipa na kuyatoa kwa mchukuzi mwenye kibali. Uani kwa mfanya kazi hakuna pipa. Wengine huyamwaga mtaroni, wengine huyapaka nguzo za ua kuzuia mchwa, wengine huyanyunyiza kutuliza vumbi pale pale watoto wanapocheza. Mvua ya kwanza huyachukua hadi kwenye mto, na mto ndio unaonyweshea sukuma tunayonunua jioni. Hivyo tajiri hutoa uchafu wa biashara yake na kuupeleka mtaani kwetu, na hata shukrani hatoi. Hatutakubali mitaa ya wafanya kazi iwe jalala la mafuta ya watu wengine.

TUNAYOYATAKA

Twayataka haya, nayo si makubwa:

1. Kazi ya giaboksi ifanywe gerejini au katika yadi ya kazi, katika saa za kazi, na fundi anayelipwa. Ikiwa hapana budi ifanywe siku nyingine, ilipwe kama kazi ya ziada.

2. Amri ya kazi hiyo iandikwe, na mwenye kuitoa atie sahihi.

3. Kila pikapu iwe na kadi yake ya giaboksi: tarehe, kilometa, aina ya mafuta, lita zilizotoka na lita zilizoingia.

4. Stendi, glavu, chombo cha kupimia joto na kitabu cha gari vitolewe na mwenye kazi. Pipa la mafuta machafu liwe kwake, si kwetu.

5. Asikatwe mtu hata senti moja kwa giaboksi iliyokufa kabla haijafunguliwa na kukaguliwa, mwakilishi wa chama akiwapo.

Na sisi wenyewe tuna wajibu. Ukiagizwa, omba karatasi kwa adabu. Ukinyimwa, mpelekee habari mwakilishi wako siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu. Ukipewa mikebe, isome herufi zake na uzilinganishe na kitabu. Zikitofautiana, usitie, sema. Mkebe mtupu uuweke, na upige picha yake kwa simu, pamoja na kilometa zilizo kwenye dashibodi. Ukisikia gari lateleza au lachelewa kushika gia, liandike katika daftari la gari siku unayolisikia. Kalamu ya dereva ni wakili asiyedai malipo.

Mafundi wetu wa gereji nao tuna neno nao. Msimcheke dereva asiyejua plagi ya kujazia iko wapi. Mfundisheni. Tajiri afurahi sana fundi na dereva wakilaumiana, maana wakilaumiana hakuna anayemwuliza yeye bei ya mafuta aliyonunua.

Halmashauri ya tawi itakusanya habari za makato yote ya giaboksi yaliyofanywa kwa memba wetu. Kila aliyekatwa alete karatasi yake ya mshahara na jina la pikapu aliyoendesha. Tukiwa na karatasi kumi mezani, hatutaongea kama waombaji. Tutaongea kama watu wenye hesabu. Yasipofaa mazungumzo, Ofisa wa Kazi yupo, na Mahakama ya Ajira ipo, na milango yake hufunguliwa kwa wanaokwenda pamoja.

Giaboksi ni mali ya tajiri, na aitunze kwa fedha yake. Jumapili ni mali ya dereva, na aachiwe.

UMOJA NI NGUVU.